Mondo Chini ya Mgunga

Tulimzika Ng'oto Naisula juma lililopita, kwenye shamba la kaka yake ng'ambo ya Isinya, na upepo ulikuwa mkali hata mchungaji akalazimika kuishika Biblia kwa mikono miwili. Nilisimama nyuma pamoja na wanawake, kati ya shuka nyekundu na za buluu, mimi peke yangu nikiwa na kitambaa cheupe cha kanisa letu la Kiserian, nikamsikia mama mmoja akimuuliza mwenzake, "Huyu Mkikuyu ni wa nani?" Yule mwingine akajibu, "Sijui. Labda alikuwa ananunua maziwa kwake." Hakukosea. Nilinunua maziwa kwa Ng'oto Naisula mwaka mzima nilipokuwa msichana, na mwaka huo ndio ninaotaka kuusimulia, kwa sababu tangu jeneza lishuke nimekuwa nikiuona tena kila ninapokaa peke yangu, na kwa sababu waliojua wakati ule kilichokuwa chini ya ule mgunga wa Kitengela wote wameondoka, nimebaki mimi. Kwa Kimaasai, Ng'oto Naisula ni Mama Naisula. Jina lake la kuzaliwa nililisikia kwa mara ya kwanza likisomwa pale kaburini, likaniwia geni, kana kwamba tulikuwa tumekuja kumzika mtu mwingine.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani bila mpango, hadi Tata Lois aliponiita nikamsaidie kazi ya nasari yake ya maua na miche. Tata ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu. Alikuwa mjane, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini na vidole vilivyopasuka kwa udongo, na wanawe wote walikuwa shule za bweni. Nyumba yake ilikuwa nje kidogo ya Noonkopir, huko Kitengela, kando ya barabara ya kwenda Isinya: vyumba vitatu vya mawe ya kuchonga, jikoni ya mabati huko nyuma, na kwenye pembe ya jikoni tangi la maji ya mvua lililowekwa juu ya rundo la mawe ya kawaida, ya kuokota, yasiyofanana na yale ya nyumba. Miche ya kuuza ilipangwa mbele, karibu na lami, ili wenye magari waione. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mgunga mmoja mkubwa. Ukisimama getini ukatazama hadi vilima vya Ngong, hukuona kivuli kingine ila kile cha mti huo. Wakati ule tambarare ilikuwa ikikatwa ploti kwa ploti. Nguzo zilichimbiwa, waya ukavutwa, na asubuhi nyingine ungewakuta nyumbu wamesimama mbele ya waya mpya, wameinamisha vichwa, wakitazama upande wa pili walikozoea kupita. Walisimama hivyo muda mrefu, kisha wakageuka bila haraka. Tata hakupenda kuwatazama. Akiwaona alirudi ndani.

Nililala chumba cha katikati, na ukuta kati yangu na sebule haukufika darini, kwa hiyo kila kilichosemwa sebuleni nilikisikia kama nimeketi pale pale. Tulikula mapema: githeri iliyokaangwa upya na kitunguu, au ugali na sukuma, na Jumapili wali. Chai ilikuwa jambo la pekee katika nyumba ile, kwa sababu maji ya kisima cha Kitengela yana chumvi na ukiyapikia chai, maziwa hukatika na ladha hugeuka. Chai ya Tata ilipikwa kwa maji ya tangi peke yake, na wageni walimsifu kwayo. Mgeni wake wa mara kwa mara alikuwa Mama Ciku wa kanisani, mwanamke wa kucheka sana, na jioni moja katika wiki zangu za mwanzo nilimsikia akisema, "Lois, hapo nyuma chini ya mti ungejenga vyumba vya kupangisha. Kuko baridi, kuzuri. Unangoja nini?" Nikasikia kikombe cha Tata kikiwekwa kwenye sahani. "Hapo sijengi," akasema. "Kwa nini sasa?" "Mizizi." Halafu akaanza kuuliza habari za harambee ya kanisa. Niliwaza tu kwamba mgunga una mizizi mikubwa, nikalala.

Mondo ilikuja kabla ya Pasaka, ndani ya gunia lililoloweshwa, kutoka kwa nyumba moja ya Nairobi iliyokuwa ikibomolewa. Mwalimu wangu wa Kiswahili alikuwa ametufundisha kwamba mondo ni mnyama, paka wa porini mwenye miguu mirefu, kwa hiyo Tata aliponiambia "Fungua gunia, kuna mondo," nilisita, naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Lilikuwa jani tu. Mafungu ya majani membamba ya kijani kibichi kilichokaribia weusi, yakifanana na nyasi ila magumu zaidi, na chini yake mizizi myeupe yenye vinundu. Tata alisema watu wa maesteti mapya watalitaka, kwa sababu linakaa pale ambapo nyasi hukataa: kivulini, chini ya miti, nyuma ya kuta. Halikatwi, halifi, mwaka hadi mwaka liko pale pale, na fungu moja ukilipasua linakupa mengine mengi. Shida ni kwamba lina ukaidi wake. Haliongezeki haraka, na ukilipanda vibaya hukuadhibu polepole, unagundua miezi ikiwa imepita.

Alinifundisha akiwa amepiga magoti kando yangu chini ya mgunga. Unalikung'uta fungu udongo utoke, unalitenga kwa vidole, si kwa panga, kila chipukizi kibaki na mizizi yake. Unachimba kishimo, unatia samadi ya mbuzi iliyokauka na mchanga kidogo, maana udongo wetu mweusi ukilowa unashika kama gundi na ukikauka unapasuka nyufa za kuingia mkono. Kisha unaketisha mche. "Angalia hapa penye majani yanatokea," alisema, akinionyesha kwa ukucha. "Huu ndio moyo wake. Usiuzike. Ukizika moyo unaoza." Tulipanda hadi kivuli kikahama, na kesho yake tukaendelea. Tulipofika katikati, mahali palipoinama kidogo, jembe langu liliingia bila kugonga. Kote kwingine udongo ulikuwa mgumu, ila pale ulikuwa laini, umechanganyika, mweusi na ule wa njano wa chini. Nilisema, "Tata, hapa pameshachimbwa." Alikuwa amenipa mgongo. "Panda tu," akasema, na hakuja kusaidia sehemu ile. Aliniachia mimi, akaenda kunyunyizia miche ya mbele ambayo ilikuwa imenyunyiziwa asubuhi.

Ng'oto Naisula alipita kila asubuhi na maziwa akielekea mjini. Alikuwa mrefu, mwembamba, kichwa kimenyolewa, na kibuyu na mitungi yake ilining'inia kwenye mkanda mgongoni. Nilitoka na sufuria, nikamsalimia kama alivyonifundisha mwenyewe, "Takwenya, yeyo," yaani hujambo, mama, naye akajibu "Iko" kwa sauti iliyovutwa, akanipimia maziwa juu ya geti. Juu ya geti, siku zote. Nilipomfungulia alirudi nyuma hatua moja. Mvua ilipomkuta hapo siku moja, na ilikuwa mvua ya haja, moja kati ya chache za mwaka ule, nilimwambia aingie jikoni ajikinge, akatikisa kichwa na kusimama nje amejifunika shuka, maji yakimtiririka usoni. Na wakati wote huo hakunitazama mimi. Alitazama juu ya bega langu, kupita nyumba, kuelekea mti. Nilipomuuliza Tata kwa nini yule mama haingii, alisema, "Wamaasai wana mambo yao. Wewe chukua maziwa." Lakini nilishaona kwamba Tata naye hakuwahi kwenda getini saa ya maziwa. Alikuwa na kazi jikoni kila asubuhi, na kazi hiyo iliisha mara tu nilipoingia na sufuria.

Mvua za masika zilikatika mapema, ukame ukaingia. Ng'ombe walianza kupita barabarani wakiwa mbavu tupu, wakipelekwa kutafuta majani hata kwenye viunga vya Nairobi. Mondo niliinyunyizia kwanza maji ya kisima, na baada ya muda ncha za majani zikageuka kahawia, zikakauka kama zimechomwa kwa kiberiti. Ilikuwa chumvi. Tata alikaa na jambo hilo siku kadhaa, kisha akaniambia nichote maji ya tangi, yale yale ya chai, kopo dogo kwa kila fungu, asubuhi tu, na niweke majani makavu juu ya udongo yashike unyevu. Nilifurahi kwa sababu nilikuwa nimeshaipenda kazi ile. Siwezi kueleza vizuri raha ya kuinama kivulini wakati nchi yote ni vumbi na mwanga, mbele yako kuna kitu cha kijani kinachoongezeka kwa sababu yako. Niliondoa kuku. Niliokota miiba ya mgunga mmoja mmoja. Nilijifunza kutambua jani jipya kabla halijanyooka.

Na ndipo nikaliona lile umbo. Kufikia Agosti mondo yote ilikuwa imeshika, ila pale katikati, kwenye udongo laini, ilikuwa imefanya zaidi ya kushika. Ilikuwa nene, ndefu, imefungamana, na rangi yake nzito kuliko ya kando, na mwisho wake ulikuwa umekatwa kana kwamba kuna aliyechora mstari. Ukisimama penye mlango wa jikoni uliliona wazi: refu upande mmoja, jembamba upande mwingine, kama mkeka mdogo uliotandikwa ndani ya mkeka mkubwa. Nilihama nikatazama kutoka upande mwingine, nikitumaini ni kivuli. Halikuwa kivuli. Tangu siku hiyo nilinyunyizia kando kwanza na pale katikati mwisho, haraka, na sikupiga magoti tena hapo. Sikuwa na neno la kusema kwa nini. Nyumba haikuwa na sauti za ajabu, mbwa hakubweka bure. Ni lile umbo tu, na jinsi lilivyokuwa zuri. Tata alisimama mlangoni jioni moja akilitazama, taulo la jikoni mkononi, na nilimsikia akisema kwa Kikuyu, si kwangu, "Kwani unakula nini?" Aliponiona akasema, "Kontrakta wa esteti anakuja mwezi ujao. Anataka yote. Utaanza kung'oa pale katikati, ndiko iko nzuri."

Siku ambayo yote yalifunguka, Ng'oto Naisula alikuja na mtoto. Shule zilikuwa zimefungwa. Naisula alikuwa ndiyo kwanza ameanza kung'oka meno ya mbele, amevaa sweta ya shule bila sketi yake, na alipokuwa amesimama nyuma ya mama yake getini alicheza na mnyororo. Nilikuwa nimesahau kuufunga. Geti lilipofunguka aliteleza ndani kama mbuzi, akapita nyumba, akaenda moja kwa moja kwenye kijani. Nilicheka, nikasema mwache acheze, hakuna ubaya. Mondo wakati huo ilikuwa imezaa. Huwa na vitunda vidogo vya buluu inayong'aa, vimejificha chini ya majani, usivyoviona hadi uiname. Naisula aliviona. Alipiga kelele kwa furaha, "Shanga! Yeyo, shanga!" akaanza kuvichuma, akiingia ndani zaidi, hadi akafika katikati, na hapo, sijui ni ubaridi wa majani au ni uchovu wa njia, alijilaza chali, mikono kando, akatazama juu kwenye matawi.

Alitosha. Hilo ndilo nililoliona kabla ya lolote. Kichwa chake kilikuwa mahali umbo lilipoanza na visigino vyake mahali lilipoishia, na kijani kiliuzunguka mwili wake kwa upana uliolingana pande zote.

Sauti aliyoitoa mama yake sijaisikia tena, wala juma lililopita kaburini sikuisikia kwa yeyote. Mitungi ilianguka, maziwa yakamwagika kwenye vumbi, na yule mwanamke ambaye hakuwahi kuvuka geti alivuka, akakimbia, akamnyanyua mtoto kwa mkono mmoja kama kitambaa na kumpiga mgongoni, akampiga tena, kisha akamkumbatia kwa nguvu hata mtoto akashindwa kulia. Nilifika nikihema. Alikuwa amekaa chini, pembeni mwa lile umbo, si juu yake, na mkono wake ulikuwa ukipapasa ukingo wa kijani, polepole, kutoka juu hadi chini.

"Nani alipanda hii?" akaniuliza.

"Ni mimi, yeyo."

"Nani alikuonyesha mahali?"

"Hakuna. Tulipanda kote. Hapa tu ndiyo imekuwa hivi."

Aliendelea kupapasa. "Mimi nimetafuta na macho," akasema. "Kila siku kwa geti. Nasema ni hapa, nasema hapana, ni pale. Mawe walitoa. Mti nayo imekuwa kubwa. Nimepoteza mahali." Halafu akanieleza, kwa Kiswahili chake kilichokuwa kikitoka neno kwa neno. Alikuwa na binti kabla ya Naisula. Mtoto alishikwa na homa wakati wa mvua kubwa, mto ukawa umejaa na gari la kuwapeleka Kajiado halikupita. Walimzika chini ya mti, kwa sababu hapo ndipo alipokuwa akichunga wana-mbuzi, na wakapanga mawe. Kila alipopita, mama yake aliweka nyasi za kijani juu ya mawe, ndiyo heshima ya kwao. "Halafu nikakuwa na mimba ya huyu. Nilienda kwetu kuzaa. Kurudi, napata waya." Mume wake alikuwa ameuza. Hakuwaambia wanunuzi habari ya kaburi, aliogopa wataacha, na hakumwambia mkewe habari ya wanunuzi. Jina la mtoto hakulitaja, nami sikuuliza. Nilishajua kwamba kwao jina la aliyekufa linaachwa.

Tata alikuwa mlangoni mwa jikoni. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi. Ng'oto Naisula alimwona, akainuka, akamshika mtoto mkono, na wakapita mbele yake, wakaokota mitungi na kuondoka. Niliingia jikoni. Tata alikuwa ameketi kwenye kigoda akichagua maharagwe, na nilimwona akitupa mazuri pamoja na mabovu.

"Tata, ulijua?"

"Nilijua ni mawe," akasema. Aliendelea kuchagua. "Mzee wangu alisema ni mawe tu, watoto wa kuchunga wamepanga wakicheza. Akatoa. Mimi nilisema moyoni, hakuna mtoto anapanga mawe hivyo. Lakini nilinyamaza. Tulikuwa tumeuza kila kitu tupate hapa, Nyawira. Kila kitu. Na yeye akafa kabla hata hatujaingiza stima." Alisimamisha mikono. "Sasa mimi ni mjane. Unajua watu wakisikia kuna kaburi lao hapa? Leo ni mama na mtoto. Kesho ni wazee wa ukoo wamejaa kwa geti, wananiambia title yangu ni karatasi. Nitaenda wapi na hao vijana?"

"Hajasema anataka shamba."

"Hajasema bado."

"Mawe yako wapi, Tata?"

Macho yake yalikwenda dirishani, nami nikafuata. Pale kwenye pembe tangi lilikuwa limekaa juu ya mawe yake ya kuokota, na bomba lilikuwa likidondosha tone moja moja kwenye debe. Nilikumbuka kila kikombe cha chai. Tata alisema, bila kunitazama, "Kontrakta anakuja Jumatatu. Toa mondo yote. Baadaye nitaita fundi amwage zege pale, tumalize haya mambo." Usiku huo hakuomba kwa sauti kama kawaida yake.

Nilianza kung'oa, kwa sababu nilikuwa msichana katika nyumba ya watu na sikujua jinsi ya kukataa. Lakini sikuanza katikati. Nilianza kando ya ukuta, nikaja ndani, fungu kwa fungu, nikayapanga kwenye magunia yaliyoloweshwa, na nilipofika kwenye ule mstari uma wangu wa kuchimbulia ulisimama wenyewe. Niliondoa kila kitu pande zote. Nilipomaliza, chini ya mgunga kulikuwa na udongo mweusi mtupu, uliochimbuliwa, na katikati yake lile umbo la kijani peke yake. Lilikuwa wazi kuliko mwanzo. Mtu yeyote aliyekuwa na macho angejua ni nini. Tata alikuja akasimama mlangoni, akaondoka, akaja tena. Hakunikaripia. Nilimsikia ndani akifungua kabati na kulifunga, akifungua na kulifunga.

Kontrakta alikuja na pikapu, mtu mnene mchangamfu mwenye kofia ya kampuni. Vijana wake walipakia magunia, naye akazunguka nyuma ya nyumba kuhakikisha. "Mama!" akaita. "Na hii ndiyo moto kabisa! Hii mbona mmeacha? Hii ndiyo nitaweka pale mbele kwa ofisi." Alikuwa ameshainama, amekamata fungu moja shingoni kulipima uzito wa mizizi. Nilifunga macho. Nikamsikia Tata akisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, kavu, ya juu, "Toa mkono."

"Ati?"

"Hiyo si ya kuuza. Toa mkono, baba, na uchukue ile umepakiwa."

Yule mtu alinyooka, akatazama alipokuwa amesimama, akatazama viatu vyake, kisha akarudi nyuma taratibu, akikanyaga mahali alipokuwa ameshakanyaga.

Asubuhi iliyofuata Tata alichukua sufuria mkononi mwangu na kwenda getini mwenyewe. Nilimfuata kwa mbali. Walikuwa wanawake wawili wa umri mmoja, nadhani, ingawa mmoja alimfikia mwenzake begani. Tata alisema, "Mama Naisula, mawe yako iko chini ya tangi. Bwana yangu ndiye aliweka. Nitaitoa nirudishe." Ng'ombe wa mtu walipita barabarani wote na mchungaji wao. Kisha Ng'oto Naisula akaweka chini mtungi, akaingia, akaenda akasimama mbele ya tangi. Aliweka kiganja chake juu ya jiwe moja lililokuwa na unyevu. "Wacha ikae," akasema. "Inabeba maji." Na akaenda chini ya mti.

Ningependa kusema kwamba waliketi wakanywa chai pamoja na kuwa marafiki. Haikuwa hivyo. Geti halikufungwa tena kwa mnyororo saa ya maziwa, na Ng'oto Naisula aliingia alipotaka, akasimama kando ya mondo kwa muda wake, akatoka. Lakini akiingia tu, Tata alifunga mlango wa jikoni na kukaa ndani gizani hadi asikie geti. Maji ya tangi hakuyanywa tena. Alipika chai yake kwa maji ya kisima, maziwa yakikatika, akainywa hivyo hivyo yenye chumvi bila kulalamika, na Mama Ciku alipouliza kwa nini chai imeharibika alisema tangi limeingia wadudu. Mvua za vuli zilipofika na tangi likafurika, alinitazama nikijaza makopo ya mondo, akasema, "Ongeza. Ni yake." Ndilo neno pekee nililowahi kumsikia akisema juu ya mtoto yule. Mwaka ulipokwisha nilipata nafasi chuo cha ualimu, nikaondoka. Nimefundisha shule nyingi tangu wakati huo, na katika moja walikuwa wamepanda mondo chini ya miti kando ya ofisi. Miaka yote niliyokaa pale nilizunguka nyuma ya madarasa ili nisipite hapo, wenzangu wakanicheka kwamba nafuata jua.

Tata alipofariki, wanawe waliuza. Sikulaumu mtu, walikuwa na maisha yao mbali na hawakuwahi kuambiwa. Ng'oto Naisula ndiye aliyenipigia simu kunipa habari, na hakusalimia. "Nyawira," akasema, "sasa ni ukuta." Nilienda Kitengela wiki hiyo hiyo, lakini mgunga ulikuwa umeshakatwa na trekta ilikuwa imesawazisha kote. Baada ya hapo tulizungumza mara chache, habari za mvua na za watoto, na hakuna kati yetu aliyetaja mahali pale tena.

Juma lililopita, baada ya kaburi kufunikwa, mwanamke mmoja mwenye miwani alikuja kunishika mkono. Ni Naisula, sasa ni muuguzi Kajiado na ana mvi pembeni mwa masikio. Alisema, "Anti, mama aliniambia ukija nikuombe kitu. Alisema wewe ndiye unajua ni wapi." Tuliondoka kabla ya chakula, kwa gari lake, hadi tukaanza kuona maghorofa ya Kitengela. "Nakumbuka alinichapa siku moja," akasema. "Nilikuwa nimelala mahali pazuri sana. Hajawahi kunichapa tena maisha yake yote." Niliogopa kwamba nitashindwa kupatambua, kila kitu kimekuwa ukuta na matofali ya kabro na nguo zilizoanikwa kwenye balkoni, lakini miguu yangu ilijua. Ni ploti yenye ghorofa la rangi ya maziwa, na kupitia vyuma vya geti nilimwonyesha: pale, kati ya lile gari jeupe na matangi, palipoinama kidogo, ambapo maji ya kuoshea magari yalikuwa yamekusanyika.

Naisula alivua viatu. Soja, mlinzi kijana mpole aliyekuwa akisikiliza redio, alitoka kibandani kwake akaja getini.

"Habari, akina mama. Mnatafuta nani?"

"Dada yangu," Naisula akasema.

Kijana aligeuka akatazama milango yote chini hadi juu. "Anakaa nyumba gani?"

Naisula hakuondoa macho chini. "Alikaa hapa kabla ya nyumba," akamwambia.

Kijana alitutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akatazama miguu yake Naisula isiyo na viatu. Akazima redio, akafungua geti.